Sanduku bila Mbavu

Leo nimemlaza baba mkwe wangu mtarajiwa chini ya meza, mbele ya darasa zima. Nisikilizeni, jamaa zangu, kabla hamjalipata jambo hili kwa wengine.

Mnajua kazi yangu kule Ulaya: nachora mabomba ya mashine zinazokimbiza chembe ndogo kuliko vumbi. Bomba hutolewa hewa yote, nalo hupitishwa kati ya sumaku mbili zilizokaribiana sana, ndiyo maana huwa bapa na jembamba. (Mimi huchora boliti zake tu. Lakini hapa Kamina nani angejua?)

Papa Kabamba, baba wa mchumba wangu, ni prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari hapa. Alitaka kujua hasa mwanaume huyu anafanya kazi gani. Nikajitapa kwamba nitamwonyesha darasani.

Wiki jana nikaenda kwa Mama Bolumbu, mke wa askari wa kambi ya jeshi, anayelehemu sufuria sokoni. Nikamchorea sanduku bapa la bati, mfano wa bomba lile. Akautazama mchoro, akasema likinyonywa hewa litabonyea, afadhali aweke mbavu za chuma juu na chini. Nikamuuliza alisomea fizikia wapi. Akasema hakusoma, ila ameona mapipa yaliyofungwa yakiwa ya moto yanavyojikunja yakipoa. Nikamwambia alehemu, kufikiri aniachie mimi.

(Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Leo asubuhi nikavaa abakosti, suti yangu ya heshima, iliyopigwa pasi mara mbili. Mama Bolumbu akaleta sanduku, akakaa barazani. Nikawaeleza wanafunzi kwamba Ulaya hatubahatishi, tunapiga hesabu. Nikaunganisha kompresa ya friji kuukuu, ikaanza kunyonya. Papa Kabamba akasogea, akaliinamia sanduku. Bati likaanza kulia, tik, tik. Nikamwambia hiyo ni sauti ya kawaida.

Likabonyea kwa mlio wa bunduki. Wanafunzi, wengi wao watoto wa kambini, wakalala chini papo hapo. Prefe akaingia chini ya meza. Nikabaki nimesimama peke yangu na mpira wa kompresa mkononi, kama mtu anayemwagilia mchicha.

Mama Bolumbu akachungulia dirishani. "Miye nilisema mbavu," akasema polepole.

Prefe akatoka, magoti meupe kwa chaki, akaniita raia kwa Kifaransa chake. "Sitwayeni Injinia, huyu mama alikuambia mbele ya siku ya leo?"

"Aliniambia, papa."

"Na weye ulimujibu nini?"

Mama akamjibu kwa niaba yangu, neno kwa neno, hata sauti yangu akaiigiza.

Basi prefe akamwomba aingie, afundishe yeye. Akafundisha saa nzima habari za mapipa na mbavu, mimi nikimfutia ubao. Wakampigia makofi. Kuhusu ndoa, Papa Kabamba amesema tutaongea siku nitakapojua kusikiliza bantu, yaani watu.

Tafadhali, mkinikuta sokoni wiki hii, niulizeni habari za mvua tu.