Malalamiko Dhidi ya Maganda ya Kaa Yaliyoula Wekundu wa Mfereji Wetu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Maji Machafu,

Salamu zangu za heshima zikutangulie mezani, maana mimi mwenyewe nikija na nguo hizi za kazi mlinzi wako hatanipitisha getini. Mimi ni fundi wa kutia vitambaa rangi, mwenye karakana ile ya mabati juu ya mfereji. Mtaani wananiita Mzee Buluu kwa sababu ya mikono yangu, ambayo miaka mingi sasa imekataa kurudia rangi niliyozaliwa nayo.

Naandika kwa uchungu na kwa adabu. Uchungu ni wangu. Adabu ni ya mke wangu, ambaye alisoma rasimu ya kwanza akasema hiyo si barua, ni matusi yenye tarehe.

Mheshimiwa, mtaalamu wenu, yule binti wa maabara mwenye koti jeupe, alikuja kwangu mwanzoni mwa mwaka akiwa na tabasamu na magunia. Akanijengea kisima cha saruji pale maji ya karakana yanapotokea kabla ya kuingia mferejini. Akaanika uani kwangu maganda ya kaa na kamba kutoka soko la samaki. Yalipokauka akaenda nayo maabara, akayaloweka kwenye dawa moja ya kuondoa chokaa na nyingine ya kuondoa mabaki ya nyama, kisha akarudi na vidonge vyeupe mfano wa punje za mtama. Akavitia kwenye mifuko ya wavu, akaizamisha kisimani. Akaniambia, "Mzee wangu, hivi vinavuta rangi kama sumaku inavyovuta misumari."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Rangi niipike mimi, ije kukamatwa na takataka za jikoni? Lakini asubuhi yake maji yaliyotoka upande wa pili wa kisima yalikuwa maangavu kiasi kwamba nilimwita fundi bomba, nikidhani bomba la maji safi limepasuka. Tangu hapo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Harufu. Maganda yanayosubiri kwenda maabara hukaa uani kwangu, juu ya mikeka, na paka wa mitaa yote wamehamia hapa pamoja na familia zao. Mmoja alizaa ndani ya kapu la vitambaa vya mteja. Nakiri kwamba siku hizi sisi wa huku juu hatuisikii sana harufu yenyewe, kwa sababu upepo umegeuka na unaipeleka bondeni. Lakini malalamiko ni malalamiko, hayafuati upepo.

2. Dharau kwa taaluma yangu. Maisha yangu yote nimewaeleza wateja kwamba ile rangi inayomwagika mwishoni ni ziada, kwamba kitambaa kimekula kikashiba na kilichobaki hakuna kiumbe duniani kinachoweza kukishika. Ni elimu niliyorithi kwa baba. Sasa mteja anachungulia kisimani, anaona vidonge vimekuwa vyekundu kuliko kitenge chake, ananigeukia na kuniuliza kwa nini nguo yake inachuja na ganda la kaa halichuji. Nimjibu nini, Mheshimiwa? Mmoja ameniuliza kama naweza kumshonea gauni la maganda.

3. Wizi. Rangi ni mali yangu mpaka itakapofika mferejini, ndipo inakuwa mali ya umma. Vidonge vyenu vinaikamata njiani, kati ya mimi na umma, havitoi risiti wala havirudishi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Idara yako imeyazoa. Kama serikali imeanza kubatilisha methali, sisi wananchi wa kawaida tushike wapi?

4. Namba hii naiacha wazi kwa sasa. Si jambo la kiofisi.

5. Kukosekana kwa stara. Zamani mfereji ulikuwa mwekundu, au kijani, au buluu, na kilichoanguka humo kilikuwa kimezikwa kwa heshima. Siku hizi sakafu yake inaonekana kama kiganja. Jirani ameitambua sufuria yake, ambayo mke wangu aliapa mbele ya watu kwamba alikwisha kuirudisha. Fundi viatu ameona kiatu ambacho alimlaumu mteja kwa kukipoteza. Mtaa ulikuwa na amani, Mheshimiwa, na amani hiyo ilikuwa imefunikwa vizuri na rangi yangu.

6. Haki ya umma kupata habari. Mfereji ulikuwa gazeti letu. Watu wa bondeni walikuwa wakiamka na kujua, bila kuuliza mtu, kwamba Mzee Buluu leo anapika nyekundu, kwa hiyo yu mzima na kazi ipo. Na mtu aliyekuwa na neno la kumwambia Mzee Buluu alikuwa na sababu ya kupanda kilima kuja kulisema. Siku hizi maji yanapita kimyakimya kama hayanijui. Naweza kufa humu ndani na mtu wa bondeni asijue mpaka aone watu wamekusanyika.

Nilipofikia hapo mke wangu aliniuliza huyo mtu wa bondeni ni nani, ilhali anamjua. Basi nirudi kwenye namba nne.

Bondeni, pale mfereji unapoingia kijitoni, anaishi dada yangu. Ni dobi. Ndiye mkubwa wangu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa mkono mmoja akinilisha na kwa mwingine akinichapa. Anafua shuka za nyumba ya wageni. Siku moja wekundu wangu ulimkuta akisuuza, na wageni wakalala kwenye shuka za waridi. Alipanda kilima siku ileile. Alisimama kwenye mlango wangu wa nyuma akaapa kwamba hatakanyaga tena ndani ya nyumba yangu mpaka nimwombe radhi. Mimi nikasema siombi, kwa kuwa maji hayana breki. Sote wawili tumerithi kichwa cha baba.

Kiapo chake kilihusu ndani ya nyumba, Mheshimiwa. Uani hakukutaja. Kwa hiyo kila nilipopika rangi kali alipanda, akasimama uani, akanifokea: "Wewe mtoto, umenilia foronya! Utazilipa kwa meno?" Kilima kile kina mwinuko, na yeye ana magoti yake, hivyo mke wangu akawa anamwekea kigoda. Akishafoka anakaa. Akishakaa anaombwa anywe chai. Akiwa na kikombe mkononi anakumbuka habari za ukoo: nani kaoa, nani kaugua, shangazi kasema nini. Kisha anaondoka kwa hasira, akiwa amebeba ndizi za mke wangu. Wagombanao ndio wapatanao, na sisi tulikuwa tunagombana vizuri sana.

Tangu binti wenu azamishe vile vidonge, shuka za dada ni nyeupe kama maziwa. Hana doa la kunidai. Hajapanda hata mara moja.

Utaniambia niende mimi. Nimelifikiria. Lakini nikishuka bila sababu, ataniuliza nimefuata nini, nami sina jibu ambalo kichwa cha baba kinaweza kulitamka. Nilijaribu njia ya kisayansi. Nilichukua pipa la buluu nzito kuliko zote, ile ninayoitunza kwa wateja wa harusi, nikalimwaga lote kisimani huku nikiwaambia watu nasafisha pipa. Nikakaa uani nikisubiri hatua zake. Vidonge vilikunywa pipa zima. Kule chini yalitoka maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Binti wenu alipokuja kubadilisha mifuko alifurahi sana, akanipongeza kwa kushiriki katika utafiti, akanipiga na picha.

Nimekumbuka dada yangu, Mheshimiwa. Nasema wazi kwa kuwa hunijui. Kigoda chake kiko palepale, na paka wamekigeuza kitanda.

Kwa hiyo, pamoja na kuheshimu sana juhudi za idara yako, naomba yafuatayo. Sidai kisima kivunjwe. Naomba kibali cha kuchafua kidogo, chenye mhuri, ili mfuko mmoja wa wavu uondolewe siku ninazopika nyekundu. Sitaki mfereji mzima ugeuke rangi. Sitaki hata shuka. Foronya moja inatosha, na liwe doa la pembeni, pale mgeni asipolaza shavu, lakini dobi anayeijua kazi yake hawezi kulikosa.

Wasalimie wote ofisini, kuanzia mlinzi wa getini ambaye hatanipitisha hadi binti wa maabara, ambaye sina ugomvi naye, ila ana akili kupita mahitaji. Mke wangu anawasalimu pia, na anaomba lile suala la sufuria lisiandikwe kwenye kumbukumbu zozote.

Wako katika utiifu na katika buluu isiyotoka,

Mzee Buluu, Fundi Rangi

Nakala: Mama watoto, asije akasema sikumwonyesha.

Baada ya kusaini: Mheshimiwa, tafadhali barua hii usiifanyie kazi. Nilikuwa natafuta bahasha niliposikia mtu anahema kwenye mlango wa nyuma. Ni dada. Amekuja na kapu la shuka, nyeupe hazina doa, na zote zinanuka kaa. Anasema upepo unamletea harufu ya uani kwangu mpaka kwenye kamba zake za kuanikia, wageni wanauliza kama wamelala sokoni, na paka wawili wamemfuata kutoka bondeni hadi hapa. Ananiita mtoto asiye na haya. Ana sauti ileile. Mke wangu amewafukuza paka kwenye kigoda, na sasa hivi anatia majani ya chai.

Kibali sikihitaji tena. Kisima kibaki, mifuko ibaki yote, na mwambie binti alete magunia zaidi. Kama inawezekana yawe ya kaa, maana ya kamba hayanuki vya kutosha. Dada ameapa kwamba atapanda tena kesho kuhakikisha nimeyaondoa. Sitayaondoa.