Hotuba ya Kuzindua Amplifaya ya Mti Uliokunywa Rubisi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa makamu wa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru. Wazee wetu wa Kimwani, wageni wetu kutoka Ngenge, wavuvi mliotoka visiwani, mapadre, masheikhe, wanakwaya, na nyie akina mama mnaonyonyesha, ambao watoto wenu naomba wanyamaze kwa mujibu wa itifaki. (Makofi machache. Mtoto analia.)

Mimi, Elikana Magesa, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Uboreshaji wa Sauti ya Gitaa, nasimama kuwatangazia kwamba amplifaya za dukani, hizi zinazotoka kiwandani kama sabuni, zimeua muziki wetu, kwani fizibiliti niliyoifanya mwenyewe kwa masikio yangu mwenyewe imebaini kuwa gitaa likipita humo linatoka limepauka, ilhali amplifaya iliyoundwa kwa mkono, moja moja, yenye taa za kioo zinazopashwa moto kama chai, inatoa sauti nene, sauti ya joto, ambayo huko ng'ambo watu wanauza nyumba ili waipate. (Sauti kutoka nyuma: “Hilo joto linapimwa na nini?”) Linapimwa na elimu, ndugu yangu, keti.

Wenzetu wa ng'ambo bado wanabishana kuhusu rangi ya waya. Sisi tumewapita! Utafiti wetu umegundua kuwa siri yote iko kwenye boksi, na hakuna mbao ya boksi inayoshinda ile ya mtumbwi wa kukanyagia ndizi, gogo lililokunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu enzi za babu zetu, kwa sababu mti uliolewa haukatai noti yoyote. (Vicheko.) Asilimia mia na kumi ya waliohojiwa waliafiki, ndiyo maana kamati ilipita nyumba kwa nyumba kuikusanya mitumbwi yenu.

(Mama Rosalina anasimama: “Waitu mheshimiwa, wa kwangu uko wapi? Jumamosi Annastella wangu anaolewa. Ndizi nimeshazifukia, zinaiva. Vijana watakanyagia wapi, kwenye beseni?”)

Mama Rosalina, nakuelewa kama stekholda. Lakini tazama impakti: siku hiyo, badala ya rubisi, wakwe watapata sauti. (“Watainywa?” Vicheko virefu.) Wataionja, mama, kwa masikio.

(“Basi tuisikie!” “Iwasheni!”)

Kuisikia ni hatua ya mwisho kabisa ya mpango mkakati. Kwanza ni kuiamini. Amplifaya ya namna hii ina heshima zake, na hata huko ng'ambo anayesikia tofauti ni yule aliyekwisha kuambiwa kwamba ipo.

Sauti nene! (Mtoto analia tena.) Boksi lenye asili yake! (Mtu mmoja: “Hoyee.”)

Kwa kuhitimisha, namshukuru fundi Datius, ambaye angeziunda amplifaya hizi kwa ustadi mkubwa kama tungemwambia. Nawashukuru wapagazi wa bandari ya Kemondo, waliojiandaa kupokea taa za kioo ambazo hatujaziagiza. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wapishi wetu, maana mvua ya asubuhi ililowesha kuni zote, lakini hawakukata tamaa, na pilau ya meza kuu imeiva vizuri kwa zile mbao kavu za mitumbwi. Mama Rosalina, wa kwako ndio uliowaka vizuri kuliko yote. Asanteni sana.

(Akina mama wote wanasimama. Hakuna anayepiga makofi.)