Saksofoni ya Wote

Jumanne, 1 Julai 1969

Habari kubwa! Jumatatu, sikukuu ya Saba Saba, watu wa redio wanakuja kuturekodi mgahawani kwa Bi Saleha, hapa Kanyenye. Meza tisa, na jukwaa ambalo sisi wanne tunasimama kwa kubanana. Mtalaka wangu Tufaha yuko Kigoma, na redio anayo. Aliondoka akisema saksofoni yangu haitasikika kupita Ipuli, mtaa wa jirani tu. Sasa atanisikia!

Tatizo ni Alois, mpiga gita. Juzi alipigiwa makofi mimi bado napuliza. Utovu wa adabu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeitisha kikao cha bendi. Nikawaeleza kuwa nchi inajenga Ujamaa, na humu ndani kuna mtu anajilimbikizia makofi. Jina sikutaja, nilimtazama tu. Nikapendekeza kila mmoja apewe muda sawa wa kupiga peke yake.

Wakaafiki haraka mno. Masolwa, mpiga ngoma, akatoa saa yake mfukoni. Kumbe ametupima siku nyingi! Alois dakika tatu. Mimi kumi na tisa.

Azimio limepita: dakika nne kila mtu. Nimeumia, lakini nilijikaza nikapiga makofi.

Ijumaa, 4 Julai

Kikao kingine. Nimependekeza vyombo vyote viwe mali ya bendi, tugawane kwa kura. Hesabu yangu: gita litamtoka Alois, na saksofoni itanirudia tu, maana nani mwingine anajua kuipuliza?

Mabruki, mpiga besi, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aache mawazo ya kibepari.

Tukaokota vikaratasi kwenye kofia yake. Masolwa, ngoma. Mabruki, besi. Mimi, gita. Alois, saksofoni.

Nikacheka hadi machozi. Alois akasema kwa upole kwamba alipuliza klarineti miaka sita katika bendi ya misheni, na saksofoni haiko mbali sana. Miaka sita! Tumepiga pamoja tangu mwaka wa Uhuru, sikuwahi kumuuliza.

Nikaomba kura irudiwe. Wakanikumbusha azimio ni la nani.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mgahawa umejaa hadi mlangoni. Wimbo wa kwanza nimepiga gita. Kabla ya wa pili, Bi Saleha akaniomba kwa heshima zote nipumzike, akanipa manyanga.

Alois alifunga macho akapuliza. Wateja wakasahau chai. Saksofoni ile niliachiwa na marehemu baba, na sikujua ina sauti hiyo. Niliona wivu, wivu mtupu, nikatikisa manyanga kwa nguvu. Fundi wa redio akanihamishia karibu na jikoni.

Jumamosi, 26 Julai

Barua kutoka Kigoma! Tufaha ametusikia redioni. Ameandika kwamba wimbo umemliza. Anajua aliyepuliza si mimi, pumzi zangu anazifahamu. Anaomba nimpe salamu mpiga saksofoni huyo, na anauliza kama ana mke.

Nimekaa na barua hiyo tangu asubuhi. Chai imepoa.

Kesho naitisha kikao. Nitapendekeza sifa nazo ziwe mali ya bendi, na salamu zote zinazoletwa tugawane kwa kura. Tuko wanne tu. Safari hii hesabu yangu haina kasoro.