Leseni Yangu Ije Kabla ya Jumatatu

Zefania Ndizeye,
Ujiji, Kigoma.
Machi 12, 1998

Kwa Mkuu wa Mafunzo ya Urubani,

Shikamoo mzee wangu. Barua yako ya kunisimamisha masomo nimeipokea, nimeisoma mara mbili, na kwa heshima zote naikataa. Mimi si mwanafunzi aliyefeli mara tatu. Nimefelishwa mara tatu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mtihani wa kwanza. Ni kweli nilizima injini tukiwa bado juu ya michikichi, kabla ya kuufikia uwanja. Lakini mimi nimeendesha boti ya abiria kati ya Mwamgongo na Kigoma miaka tisa. Ukikaribia ufuko unazima mashine mapema, boti inajiendea yenyewe taratibu hadi mchangani. Anayeingia mashine ikinguruma huvunja panga la mashine kwenye mawe, na watu humcheka wiki nzima. Mwalimu Nikodemu, badala ya kunipongeza kwa kutunza mali ya chuo, alininyang'anya usukani huku jasho likimtoka, akaiwasha tena. Kisha akaandika kwa wino mwekundu kwamba nimezima injini angani. Sasa mimi ningeizimia wapi?

2. Mtihani wa pili. Kwenye boti, mkono wa mashine ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Mtoto yeyote wa ziwani anajua. Ndege ilipokuwa bado inatembea chini kuelekea kuruka, Mwalimu alisema kushoto, mimi nikakanyaga pedali ya kulia kwa uzoefu wangu wote, tukaingia kwenye mihogo ya Mama Marcelina. Ripoti haisemi kwamba tulisimama salama. Wala haisemi kwamba mihogo yenyewe ilikuwa imeshakomaa.

3. Mtihani wa tatu ndio ulioniuma. Ziwani, boti mbili zikikutana mnasogeleana, mnapunguza mwendo, mnaulizana habari za upepo. Ni adabu. Nilipoiona ndege ya dawa ikija kutoka upande wa kambi ya wakimbizi, niliisogelea ili nimsalimie mwenzangu. Yeye akakwepa kwa kiburi cha ajabu, akapanda juu bila hata kupunga mkono. Aliyepata sifuri ni mimi. Tangu siku hiyo Mwalimu Nikodemu hapandi ndege nami kabla ya kusali, na sala zenyewe zinazidi kurefuka.

4. Barua yako inanishauri nirudi kwenye boti. Mzee wangu, boti naijua. Mwaka juzi watu walipokimbia vita ng'ambo, nilivuka nao usiku na mchana. Mtoto wa mama mmoja wao, Inamahoro, nilimfikisha Kigoma mzima kabisa. Alikufa kambini kwa malaria, dawa zikiwa zimekwama kwenye tope siku nne. Ndiyo sababu niliacha boti. Hilo halimo kwenye ripoti.

5. Mama yangu, Merina, ameshautangazia Mwamgongo wote kwamba mimi ni rubani. Kila ndege inayopita anaacha jembe, anakimbilia ufukweni kupunga kitenge. Jumanne iliyopita alinilalamikia kwamba nilipita juu mno. Nikamwomba radhi.

Kwa hiyo naomba nipewe leseni kabla ya Jumatatu, bila mtihani wa nne, kwa kuwa mitatu imetosha kuonyesha ubora wangu. Mwalimu Nikodemu aniombe radhi kwa maandishi. Kama kutua kwangu bado kunawasumbua, uwanja uhamishiwe ufukweni, kwenye mchanga ninaouzoea.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mzee Selestini wa getini, na wale wa mnara wa kuongozea ndege, ambao nasikia wakiniona naingia ndegeni husimama wote.

Ni mimi rubani wako, bado karatasi tu,
Zefania Ndizeye

Baada ya kutia sahihi: Mama ameshuka hapa Ujiji mchana huu, na kitenge kipya na kapu la dagaa. Anasema Jumatatu atakuwa abiria wangu wa kwanza, na keshawaaga majirani. Mzee wangu, nakusihi, leseni usinipe. Mwalimu Nikodemu ana haki katika yote matatu. Jumatatu namrudisha mama kwa boti, na nitamweleza tukiwa njiani. Jumanne, mkinikubali, nitakuja kuanza upya somo la kwanza.