Mtumbwi wa Kimotakaa

Jumatatu, 18 Mei 1914. Rumonge.
Fundi mmoja wa Kidachi, yuko njiani kwenda Usumbura, kanionyesha gazeti la picha. Amerika! Wanaunda motakaa. Watu wamesimama, motakaa ndiyo inayotembea! Huyu anatia gurudumu, yule anakaza skrubu, hakuna anayegusa kazi ya jirani. Nikauliza nani anaielewa motakaa nzima. Kasema si lazima yeyote aielewe. Kazi yangu hii!

Tena imekuja kwa wakati wake. Batuli, mjane muuza samaki wa Magara, ameposwa na watu wawili: mimi, na Swedi fundi mitumbwi. Katujibu kwamba mwezi unaingia gizani, ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanatoka, yeye anataka mtumbwi wa mbao. Atakayetangulia kuuleta majini Ijumaa ndiye mume.

Swedi anaunda peke yake, kama babu yake. Maskini.

Jumanne, 19 Mei.
Nimelaza magogo ya michikichi toka juu hadi ziwani, nikayapaka mawese. Mtumbwi utateleza wenyewe, toka mtu hadi mtu: vijana wangu watatu nimewapanga njiani. Radjabu: mbao na misumari. Hamissi: kuziba nyufa kwa pamba. Sikujua (ndilo jina lake): kupaka mafuta. Mimi: kushika kamba, na kutazama.

Swedi kapita. Tukasalimiana, amahoro, amahoro. Kauliza kama naunda mtumbwi ama naenda kuuzika. Wivu!

Alhamisi, 21 Mei.
Nyundo ya Radjabu imeanguka miguuni pa Hamissi. Hamissi hakuinama kuiokota. “Kaka Amissi, hiyo iko kazi ya Radjabu.” Nusura nimkumbatie. Amerika tupu!

Ijumaa, 22 Mei.
USHINDI! Adhuhuri Radjabu kapiga msumari wa mwisho. Nikalegeza kamba. Mtumbwi ukafika kwa Hamissi. Hamissi hayupo, yuko msikitini. (Nami ningekwenda, lakini kamba. Mungu anaona.) Nyufa zimeachama. Radjabu kaziona, si kazi yake. Sikujua naye kaziona. Amerika hawasimamishi mstari! Nikalegeza tena. Sikujua kapaka mafuta, mtumbwi ukang'aa kama bibi harusi. Majini! Nikarukia ndani, nikasimama. Batuli kapiga makofi.

Maji yakafika magotini. Nikapiga kelele wachote. Radjabu, toka nchi kavu, kauliza kazi ya kuchota tulimpa nani.

Hatukumpa mtu.

Swedi katoka msikitini, kateremsha mtumbwi wake, kanivua majini kama samaki sangala. Mtumbwi wake ulifika wa pili. Narudia: wa pili.

Batuli kasema alitaka mtumbwi, nimemletea tenga. Shauri ya mafuta, nadhani. Sikujua alipaka machache.

Jumatatu, 25 Mei.
Batuli anaolewa na Swedi. Sawa. Lakini kwanza kanijia mimi! Kasema murakoze, asante kwa juhudi, kaomba watu wangu wasaidie kubeba maji siku ya karamu. Kubeba maji! Nimemwambia pilau yote niachie mimi. Sufuria itatembea, wapishi watasimama. Radjabu mchele, Sikujua vitunguu. Harusi ni Ijumaa, adhuhuri.

Chumvi nimempa Hamissi.