Kichwa cha Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimedhalilishwa! Tena ukweni! Jana baba mkwe kaniuliza mbele ya watu, tangu niache kazi ya bima nimefanya nini cha maana. Nikakohoa. Shemeji, kaka wa mke wangu, akadakia kwamba yeye siku hizi anafinyanga vikombe. Vikombe! Baba mkwe alikuwa ananywea kimojawapo. Akakisifu hadi chai ikapoa.

Leo nimeamka na jibu. Mimi ni msanii! Nitafinyanga kichwa cha baba mkwe, ukubwa uleule, nikizindue Jumapili mbele ya ukoo mzima. Tuone kama ataniuliza tena. Udongo nimeshanunua. Mke wangu kauliza utakaa wapi. Nimemwambia sanaa haiulizwi. Uko kwenye beseni la kufulia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kumbe nilizaliwa kwa ajili ya hili! Leo nimefinyanga sikio la kushoto, lile lenye pengo, aliloumwa na bata utotoni. Nimesahau kula. Nimesahau hata kumchukia mtu. Miaka yote ile ofisini sijawahi kusahau kula.

Halafu akaja shemeji, bila kualikwa. Kaizunguka kazi yangu, kaguna. Anasema kichwa lazima kikombwe ndani, kibaki ganda, kisha kikauke wiki mbili, la sivyo kitapasuka motoni. Nikamuuliza, kwa hiyo babako hana kitu kichwani? Wivu mtupu!

Mke wangu kasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui kwa nini analiandama sikio. Ndilo limetoka vizuri kuliko vyote.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Tatizo la tanuri. Analo shemeji, lakini bora nife. Nimemwendea jirani yetu, mwoka mikate. Angekataa kuchoma udongo, watu hawa hawana upeo. Nimemwambia ni keki ya wakwe, imefungwa kitambaa, asifunue. Kainyanyua, kakunja uso, kauliza keki gani nzito hivi. Nikasema ya matunda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mlipuko! Mtaa mzima umesikia. Mikate yote ya asubuhi imejaa udongo, na mlango wa tanuri umening'inia. Mwoka mikate kaja na lile koleo lake refu la mbao, anapiga kelele kwamba keki yangu ina pua. Nimemwambia wazi kwamba moto wake ndio haujui kazi. Mke wangu kalia. Sijui anaililia mikate au ananililia mimi.

Kimepona kitu kimoja tu. Sikio la kushoto.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nilijaribu kuugua. Mke wangu kanivuta hadi kwao. Tumeketi tu, kafungua mkoba, katoa sikio! Mbele ya ukoo mzima! Nikatamani ardhi ipasuke.

Baba mkwe kalipokea. Kaligeuza, kapapasa lile pengo, kisha kapapasa la kwake. Machozi yakamlengalenga. Kasema katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumtazama kwa makini namna hii. Kaliweka kabatini, rafu ya juu, vikombe vikashushwa chini. Kisha kaniomba, mwanangu, nitengenezee na la kulia.

Shemeji kanipa mkono. Eti nilete, atanichomea kwenye tanuri lake, polepole.

Sijawahi kutukanwa hivi! Nimefinyanga kichwa kizima, chenye paji na mawazo yake, nasifiwa sikio! Mimi ni fundi masikio? Na huyo shemeji, mkono wake autoe kwangu!

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeelewa kosa liko wapi. Kichwa kilikuwa kidogo mno. Safari hii baba mkwe mwili mzima, ameketi kitini, ndani kumejaa, hata sindano haipiti. Udongo umejaza bafu. Mke wangu anaoga kwa jirani, ila si kwa yule mwoka mikate.

Moto nimeshapata. Nimeongea na wachoma matofali. Nimewaambia ni tofali, ila kubwa kidogo.