Mashine Inayosema Hayupo

Redio ya Bi Arafa, muuza kahawa, ilitoa habari ile asubuhi ya Jumatano, katikati ya tangazo la sabuni na salamu za wasikilizaji: kambi moja ya wakimbizi huko kusini, upande wa Kibondo, inafungwa. Malori ya kuwarudisha watu Burundi yanaanza safari Ijumaa. Sasa wewe mtu wa Kasulo, unaishi njia panda ya malori, kambi nyingine iko pua na mdomo na nyumba yako, umeshika kikombe cha kahawa mkononi, utaisikia habari kama hiyo uiache ipite? Haipiti. Lazima itafunwe mpaka yabaki makapi.

Aliyeitia jino la kwanza ni Bulugu, dereva wa lori, Msukuma wa miraba minne ambaye pale kijiweni wanamwita Tani Saba.

"Kufunga kambi ni kitu gani," alisema. "Kazi ni kumpata mtu wako kabla haijafungwa."

Akajutia maneno yake papo hapo. Maana pembeni ya benchi alikuwa ameketi Nkeshimana, Mrundi wa kambini anayeshona kandambili za tairi, na mkono wenye sindano ulisimama hewani. Kila mtu pale alijua habari zake. Siku ya kuvuka mto, miaka mingi sasa, alipotezana na dada yake, Ntirampeba Verediana. Mwaka huu msafiri mmoja akamwambia amemwona mwanamke wa sura hiyo, ndani ya kambi hiyohiyo inayotajwa na redio. Nkeshimana hakuwa na hakika. Alikwisha kuloweka mtama wa pombe ya kuganduka, yaani kuondoa msiba rasmi, itakayonywewa Jumapili. Akiupata ukweli, mtama utanywewa kwa furaha. Asipoupata, atamwaga machozi ya mwisho na kumwita dada yake marehemu.

Basi macho yote yakamgeukia Sabiti, na Sabiti akatamani benchi lipasuke limmeze.

Yeye ndiye aliyejipalia makaa. Sabiti ni mtoto wa kaka yake Bi Arafa, fundi kompyuta katika ofisi ya shirika moja la misaada, na jina lake la kijiweni ni Madirisha, kwa sababu ya zile kompyuta zao za Windows. Jumatatu alipata disketi zenye majina ya watu wa kambi ile ya kusini. Akajitapa mbele ya benchi zima kwamba ana programu aliyoitunga mwenyewe chuoni Dar es Salaam, inaitwa "tafuta", itampata Verediana kabla kahawa haijapoa. Kahawa ilipoa Jumatatu, ikapoa Jumanne, na leo nayo ilikuwa inapoa. Programu ilikuwa na jibu moja tu kwa kila swali. Ilisema "hayupo".

Bi Arafa alisema mashine hiyo inafaa kukaa mapokezi ya ofisi yoyote nchini. Neno "hayupo" imelijua bila kufundishwa, bado tu kujifunza "njoo kesho". Na hakusema kwa ubaya, maana alikuwa anamwongezea mpwa wake kahawa ya bure.

"Shangazi, programu ni nzima," Sabiti alijitetea. "Niliitunga kwenye mashine za Unix. Hii ya ofisini ni Windows. Nimeweka kitu kinaitwa Cygwin, kama mkalimani, ili hawa wawili waelewane."

"Huyo mkalimani kalewa," Bulugu alisema.

Kompyuta yenyewe ilikuwa pale juu ya kreti la soda, ile ya kubeba, imeunganishwa kwa inveta na betri ya lori la Bulugu. Kwa hiyo Bulugu alikuwa na sauti kubwa katika jambo hilo kuliko elimu yake ya kompyuta. Umeme ni wake, alisema, na mwenye umeme ndiye mwenye mkutano.

Hapo ndipo aliposhuka Mwalimu Nduwayo kutoka kwenye baiskeli. Mhangaza wa Bukiriro, mwalimu mstaafu, wanamwita Imla, kwa kuwa hata kwenye rambirambi atakusahihisha tahajia. Wakampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaelezwa kesi, akatoa hukumu kabla hajakaa. Tatizo ni matamshi. Bulugu anasema l penye r, Nkeshimana anasema r penye l, na Sabiti anaandika anachosikia. Mashine ifanye nini?

"Mimi natamka vizuli," alisema Bulugu.

Mwalimu akamkumbusha siku alipokwenda ukweni Murukulazo, akasimama mbele ya wazee na kutangaza kwamba ameleta mahali. Wazee wakauliza mahali gani. Bulugu akajibu, mahali ya binti yenu. Wakamwonyesha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, wakidhani ameshikwa na haja. Mahari yenyewe, ng'ombe wazima, wamesimama uani wanasubiri kukaribishwa.

Walicheka, hata Nkeshimana alicheka, na Sabiti akashukuru kwamba kwa muda mfupi hakuna aliyekuwa akimtazama. Alijaribu kwa r: Ntirampeba Verediana. Hayupo. Akajaribu anavyosema Bulugu: Ntilampeba Velediana. Hayupo. Akajaribu r moja l moja, akageuza, akapindua. Hayupo, hayupo. Kila neno hilo lilipotokea, Nkeshimana alikuwa akiinamia kandambili yake na kuvuta uzi kwa nguvu kuliko kandambili ilivyohitaji. Sabiti aliona. Ilimuuma. Kwake yeye "hayupo" ilikuwa kasoro ya programu. Kwa yule mzee ilikuwa kaburi.

Mwalimu akauliza kwa nini asifungue tu majina ayasome kwa macho. Sabiti akamwonyesha: kila bloku la kambi lina jalada lake, majalada chungu nzima, na kila moja lina watu wa kujaza uwanja wa mpira. Mpaka Ijumaa angekuwa bado yuko herufi B.

"Basi tafuta mimi," alisema Bulugu.

"Wewe si mkimbizi."

"Umeme ni wangu. Niandike halafu nitafute. Nataka kujua kama nipo."

Ulikuwa mzaha, lakini Sabiti hakuwa na hoja bora. Akaandika orodha fupi ya watu wa kijiweni kwa kompyuta ileile: Bulugu, Nduwayo, Arafa, Nkeshimana. Akaiambia programu imtafute Bulugu, kilo zake zote zikiwa zimekalia mwisho wa benchi hata benchi limeinama. Programu ikafikiri. Ikajibu: hayupo.

Kijiwe kikavunjika mbavu. Mwalimu akavua kofia na kumpa Bi Arafa pole ya kufiwa na mteja. Bi Arafa akasema kama Tani Saba hayupo, basi kahawa aliyokunywa tangu asubuhi imenywewa na nani. Bulugu alijipapasa kifua kana kwamba na yeye ameingiwa na wasiwasi.

Sabiti peke yake hakucheka. Jina la Bulugu alikuwa ameliandika mwenyewe sasa hivi, herufi kwa herufi, na halina r hata moja ya kugombaniwa. Kwa hiyo tatizo si jina la Verediana. Akaiamuru mashine imwonyeshe jalada lile na kila kilichomo, hata visivyoonekana kwa macho. Na pale, nyuma ya Bulugu, nyuma ya Nduwayo, nyuma ya kila mtu, kulikuwa na alama ndogo imejibanza kama mkia: mstari wa mshazari, na r.

"Kuna r," alisema. "Nyuma ya kila jina kuna r."

Mwalimu akamtazama Bulugu kwa macho ya ushindi. "Si nilisema?"

"Mimi hiyo helufi sina hata nyumbani," alijibu Bulugu.

Ikabidi Sabiti aeleze, na akaeleza kwa mfano wa taipureta, kwa kuwa Mwalimu aliwahi kuitumia. Ukifika mwisho wa mstari kwenye taipureta unafanya mambo mawili: unarudisha gari, yaani kile kibebeo cha karatasi, mwanzo, halafu unasogeza karatasi juu. Windows bado inafuata desturi hiyo, kila mwisho wa mstari inaandika alama mbili. Unix inaandika moja tu, ile ya kusogeza. Ile nyingine, ya kurudisha gari, ndiyo inayoandikwa kwa mshazari na r, na jicho haliioni. Sasa programu yake ilizaliwa kwa watu wa alama moja. Ikiletewa Bulugu mwenye mkia, inasema huyu si Bulugu ninayemjua, hayupo.

"Yaani ni mkorofi wa imla kuliko mimi," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza alionekana kuiheshimu mashine.

"Kata mkia," alisema Bulugu. "Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ijumaa ni keshokutwa."

Sabiti akakata. Ila alikata kwa papara. Amri ya kufuta ile alama ya siri inataka uifunge kwenye alama za kunukuu. Asipoifunga, ule mshazari unamezwa njiani, na mashine inasikia kitu kingine kabisa: futa r. Ikafuta r. Ikafuta kila r iliyopata, kwenye kila jina, kwenye kila bloku. Majina yakaanza kupita kwenye kioo, na Mwalimu, aliyekuwa anasoma juu ya bega, akashika kichwa. Bi Arafa alikuwa Bi Aafa. Ntirampeba wote wa dunia walikuwa Ntiampeba. Walioandikiwa wametoka Burundi sasa walitoka Buundi, na Ngara yenyewe, wilaya nzima na mkuu wake, ilikuwa Ngaa.

"Hii ndiyo adhabu yangu," Mwalimu alisema. "Miaka yote niliyowachapa watoto kwa ajili ya r, leo zimechukuliwa zote kwa mpigo mmoja."

Bulugu alitulia tu, anakunywa kahawa. Jina lake lilikuwa zima. Akasema sasa hatimaye kompyuta imejifunza Kiswahili.

Nkeshimana aliweka kandambili chini.

"Mwanangu," alimwambia Sabiti, pole pole. "Kama umeharibu, niambie. Mimi nitakunywa pombe yangu Jumapiri na sitakuraumu."

Sabiti alimjibu kwamba disketi zenyewe ni nzima, ameharibu nakala tu. Akanakili upya kutoka kwenye disketi. Safari hii alifunga ile alama kwenye alama za kunukuu, akaisoma amri mara mbili kwa midomo kama anayesoma dua. Akabonyeza. Majina yakarudi na r zake. Mikia ikakatika. Akamtafuta Bulugu.

Yupo.

Bulugu alisimama akashikana mikono na benchi zima, hata na dereva mgeni aliyekuja kuuliza njia ya Biharamulo. Kisha wote wakasogea karibu na kioo bila kuambizana, kwa kuwa walijua jina linalofuata. Sabiti akaandika: Ntirampeba Verediana.

Hayupo.

Safari hii hakuna aliyetania. Programu ilikuwa nzima, na kila mtu alikuwa ameliona hilo kwa macho yake. Sasa neno lile lilikuwa neno la kweli. Bi Arafa alijishughulisha na jiko lisilohitaji kushughulikiwa. Nkeshimana akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa, akaanza kukusanya sindano na nyuzi zake kwenye mfuko. Sabiti akaona haya, akainamia kioo.

Bulugu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo.

"Hujaandika jina lake," alisema. "Yule dada si anaitwa Ntilampeba Velediana?"

Mwalimu alifungua mdomo amsahihishe. Akaufunga. Kwa sababu walikuwa wamelijaribu hivyo mwanzoni, kweli, lakini mwanzoni, kwa mashine, hata Bulugu mwenyewe hakuwepo.

Sabiti akaliandika kwa l zote mbili, kama Bulugu alivyolisema, huku akijisemea moyoni kwamba anamridhisha tu mwenye umeme. Mashine ikafikiri. Ikaandika: Ntilampeba Velediana, Bloku C, watu wanne.

Walilisoma mara nyingi, kila mtu kwa sauti yake. Huko kusini, siku ile alipoandikishwa, meza ilikuwa na karani ambaye ulimi wake ni ndugu wa ulimi wa Bulugu. Alisikia, akaandika anavyosikia, basi. Mwalimu Imla aliomba kahawa nyingine akamwambia Bi Arafa kwamba ya Tani Saba pia iko juu yake. Nkeshimana hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: watu wanne, maana yake nini.

"Yeye na watu wengine watatu wa nyumba yake," Sabiti alisema. "Ana familia, mzee."

Hapo ndipo mzee alipoketi chini, palepale kwenye vumbi, kati ya vipande vya tairi.

Mipango ilikwenda haraka. Bulugu anaondoka kesho alfajiri na mzigo wa Kibondo, kiti cha mbele kina nafasi. Sabiti atashughulikia kibali ofisini kabla hawajafunga. Bi Arafa atafunga kashata za njiani, za watoto, kama ni watoto. Watu wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi aliyoitoroka.

Nkeshimana akamshika Bulugu mkono kabla hajapanda lori lake.

"Tukifika huko, mrangoni wataita jina kama ririvyoandikwa. Miaka yote hii ndivyo arivyozoea kuitwa. Mimi nikimwita, hatageuka."

"Basi nitamwita mimi," alisema Bulugu.

"Hapana," alisema Nkeshimana. "Nifundishe. Safari ni ndefu."

Bulugu akamtazama Mwalimu Nduwayo, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kukagua mnyororo wa baiskeli. Kisha akakaa kwenye ngazi ya lori, akamvuta yule mzee karibu, akamwonyesha ulimi unavyokaa mdomoni.

"Ve-le," alisema.

"Ve-re," alisema Nkeshimana.

"Talatibu, mzee. Ve-le."